Hasira ya Mwalimu wa Baiolojia

Jogoo wake aliitwa Daktari. Kila Krismasi alimchinja mwenyewe, bila kumwachia jirani wala mfanyakazi, akatualika walimu wote wa nyumba za shule tuje kumla Daktari kwa ndizi na karanga. Mwezi wa kwanza ulipoanza alikwenda gulioni kutafuta jogoo mwingine, na huyo naye akaitwa Daktari. Krismasi ya kwanza nilidhani ni mzaha. Ya pili nilimtazama usoni alipokuwa amemshika ndege yule shingo, nikaacha kucheka.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, mimi nikifundisha Kiswahili, yeye baiolojia, katika sekondari moja ya wazazi iliyoko mlimani, si mbali na Rugu, Karagwe. Wanafunzi walimwita Madamu. Sisi wengine tulimwita Mwalimu wa Baiolojia, kwa urefu wake wote, hata mbele yake. Ni yeye peke yake kati yetu aliyesoma mpaka Ulaya, akarudi kufundisha kwenye shule isiyokuwa na hata darubini moja. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kwa haraka kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi. Chai aliinywa ikiwa bado inafuka mvuke, wakati sisi tunapuliza.

Hakuwahi kumchapa mwanafunzi. Siku zile tulichapa sote, na mimi nilichapa. Fimbo ilikuwa sehemu ya kazi kama chaki. Wakati fulani wavulana wa kidato cha tatu walifungulia vyura aliokuwa amewaweka kwenye ndoo kwa ajili ya somo, wakawaachia ndani ya ofisi ya walimu. Mkuu wa shule aliwapanga mstari, akamletea fimbo mwalimu wa baiolojia ili awaadhibu mwenyewe. Aliitazama fimbo, akairudisha. Akawaambia wavulana wakawakamate vyura wote, waje wamweleze ni misuli gani inamfanya chura aruke vile. Ikawa ndiyo adhabu.

Jioni nilimuuliza kwa nini anawalea hivyo.

"Hasira nikiitumia kwa watoto itaisha, Mama Koku," alinijibu, huku akichambua maharage. "Na mimi naihitaji."

Alisema vile kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia akiba ya mbegu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sijapata kumwona mtu aliyeitunza hasira yake vizuri namna ile. Hakupiga kelele, hakununa, hakusengenya. Aliiweka.

Tabia hiyo ilianza zamani. Mwaka wa sabini na nane, vita vya Kagera vilipoingia, nyumbani kwao upande wa Murongo, mpakani, walikimbia na mikeka na sufuria, wakaacha cherehani ya baba yake. Waliporudi, cherehani ilikuwa kwa jirani, imefunikwa kitenge. Baba yake alikuwa mtu mpole, akaogopa kuidai. Yeye, msichana wa shule wakati huo, alianza kwenda kukaa mbele ya nyumba ya yule jirani kila Jumapili baada ya misa. Alikaa tu kwenye majani, na kitabu chake cha nyimbo mapajani. Mwenye nyumba akitoka, alimwamkia "Shikamoo" kwa adabu zote, kisha akanyamaza. Majirani walipita, wakaona, wakaulizana. Mwishowe yule bwana alijitwika cherehani kichwani mwenyewe, akairudisha. Baba alimsamehe papo hapo, wakakaa wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, pamoja.

"Basi ikaisha," nilisema aliponisimulia.

"Kwa baba iliisha," alisema. "Mimi Jumapili iliyofuata nilikwenda tena nikakaa."

Kuhusu Ulaya hakuzungumza kirahisi. Tulimsikia akijibu watu kwa sentensi moja tu: "Nilikwenda kuchuja mkojo." Watu walicheka, wakadhani anakwepa. Kumbe ulikuwa ukweli. Mchana mmoja wa mvua kubwa tulikwama jikoni kwangu tukimenya ndizi, na ndipo aliponieleza.

Alisema mwili ukiumia au ukiingiliwa na ugonjwa, kuna protini inayotoka na kwenda kupiga kengele kwenye seli. Kila seli ina mahali pa kuipokea, panaitwa kipokezi. Protini ikishika pale, seli inaamka: homa inapanda, mahali panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Ni jambo jema, maana ndivyo mwili unavyojitetea. Ubaya ni pale kengele isiponyamaza, mtu akaishi na magoti yaliyovimba mpaka anaingia kaburini. Sasa kwenye mkojo wa wagonjwa wenye homa kali palionekana kuna kitu kingine, protini inayotuliza. Maabara aliyofanyia kazi ilitaka kujua inatuliza vipi.

"Mimi niliamini inakaa kwenye kipokezi kile kile," alisema. "Inakaa, halafu haisemi neno. Mpiga kengele akifika anakuta pamejaa."

Akanieleza namna ya kupima. Unachukua seli zenye vipokezi, unaziweka kwenye vibomba ndani ya barafu. Protini ya kengele unaitia alama ya mionzi ili uweze kuifuata kwa mashine. Unaiachia ishike, unaosha ile isiyoshika, unapima mionzi iliyobaki. Kisha unarudia, lakini safari hii unatanguliza ile protini ya utulivu. Kama anachoamini ni kweli, mionzi itashuka.

"Ikashuka?"

"Ikashuka, Mama Koku. Nilisimama mbele ya mashine ile nikalia kwa Kinyambo."

Somo hilo alilifundisha kila mwaka ingawa halikuwamo kwenye mtaala. Alitoa viti vichache uani, akasema hivyo ndivyo vipokezi. Kundi moja la wanafunzi lilikuwa wapiga kengele; aliyewahi kiti alitakiwa kupiga kelele "Moto!" kwa nguvu zake zote. Mara ya kwanza walikimbilia viti na shule nzima ikatetemeka kwa makelele. Kisha aliongeza kundi la pili, wanafunzi wa kukaa na kunyamaza. Hao aliwatanguliza. Wapiga kengele walifika wakakuta viti vimekaliwa na watu waliofumba midomo, wakabaki wanazunguka zunguka. Kelele zilipungua, na kadiri alivyoongeza wale wa kimya ndivyo zilivyozidi kupungua, mpaka ukaweza kusikia ng'ombe bondeni. "Hapo," aliwaambia, "homa imeshuka." Binti yangu Koku alikuwa kwenye darasa lile. Aliporudi nyumbani aliniambia anataka kuwa daktari wa maabara.

Sehemu iliyobaki ya habari ya Ulaya alinisimulia siku nyingine, na kwa maneno machache.

Katika maabara ile walikuwa Waafrika wawili tu, na wote wa Karagwe. Mwenzake alikuwa kijana wa Rugu. Waliitana kaka na dada, wakapikiana, wakaazimana makoti ya baridi. Yule kaka ndiye aliyekuwa akitunza seli. Bosi alipoona matokeo ya mwalimu alimwambia arudie kipimo kabla hajaamini, na pia akawaambia kwamba mwaka unaofuata patakuwa na nafasi ya mmoja wao tu. Alirudia. Kipimo kikakataa. Hata protini ya kengele yenyewe haikushika, achilia mbali ile ya utulivu. Alirudia tena, na tena.

"Nilijua seli zile si zenyewe," alisema. "Hazikuwa na vipokezi. Nilimwambia bosi. Akaniuliza, nani anazitunza? Nikamwambia, kaka yangu, na huyo hawezi kukosea. Unanisikia, Mama Koku? Mimi mwenyewe ndiye niliyemsafisha."

Akaonekana mzembe, asiyeweza hata kuosha vibomba. Akarudishwa nyumbani. Kaka yake alimsindikiza uwanja wa ndege, akambebea sanduku mpaka mlangoni, na pale akamwambia: "Dada, nisamehe. Seli nilibadilisha mimi. Ilibidi mmoja wetu abaki." Baada ya muda si mrefu kipimo kilifaulu tena, mikononi mwa kaka, na kikatangazwa kwa jina lake. Yeye ndiye Daktari.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele pale pale uwanjani. Alisema alikuwa na tiketi mkononi na watu wanamsukuma nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo mpaka leo linanitatiza. Mama mzazi wa Daktari alikuwa bado hai, anaishi Rugu kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Tulimwita Bibi wa Rugu. Alikuwa na ugonjwa wa viungo. Magoti yake yalikuwa makubwa kama vibuyu, na asubuhi za baridi alishindwa hata kushika jembe. Mwalimu wa baiolojia alimtembelea kila wiki. Alimchemshia maji, akamkanda kwa vitambaa vya moto, akampaka mafuta, akamletea dawa za maumivu kutoka hospitalini. Nilikwenda naye mara kadhaa. Alikuwa mwingine kabisa akiwa kule. Alipiga magoti kumsalimia, akaongea Kinyambo cha taratibu, akacheka. Bibi alimwita "mwanangu". Walikaa kivulini mwa jiko, yule mzee amenyoosha miguu, huyu ameishika kama anashika mayai.

"Inauma hapa, mama?"

"Panauma kote, mwanangu. Lakini ukishika wewe panapungua."

Bibi alijua mwanawe na huyu mwalimu walisoma mahali pamoja. Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu. Nilikuwa nikirudi kutoka kule najiambia, mtu huyu ana roho ya pekee, amemchukia mtoto akampenda mama.

Kisha Daktari akaja. Ulikuwa wakati ule wakimbizi walipofurika Kagera, na wataalamu wa kila aina wakawa wanapita na magari marefu meupe. Yeye alikuja na shirika moja la huko Ulaya, akawa mtu mkubwa. Alipofika kumwona mama yake alisikia kwamba wazazi wa shule yetu wanajenga maabara. Kweli tulikuwa tunajenga. Wazazi walichoma matofali wenyewe, akina mama walibeba maji kutoka bondeni, na kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Daktari akaahidi paa, meza, darubini na jokofu. Mkuu wa shule alikaribia kulia kwa furaha. Akapanga sherehe, akamwomba mwalimu wa baiolojia aandae somo la kumwonyesha mgeni.

Nilikwenda kwake haraka. Nilimkuta anapiga pasi gauni.

"Umesikia nani anakuja?"

"Nimesikia."

"Utakwenda?"

"Ninafundisha, Mama Koku. Nisipokwenda nani atafundisha?"

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba, mbuzi walichinjwa, wazazi walikaa kwenye majani mbele ya zile kuta. Mstari wa mbele waliwekwa wageni kwenye viti vyenye vitambaa, na Bibi wa Rugu akawekwa kando ya mwanawe, kwa heshima. Daktari alikuwa mnene, mchangamfu, na kwa kweli alikuwa mtu wa kupendeza. Alipomwona mwalimu alifungua mikono yote miwili, "Dada! Kumbe uko huku!" Mwalimu alikubali kukumbatiwa. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona mgongo wake umekauka kama ubao.

Somo likaanza. Alileta viti vyake, akawaita wapiga kengele, na "Moto! Moto!" ikapigwa mpaka wazazi wakacheka na kupiga makofi. Akawaita wale wa kimya. Kelele zikafifia. Wazazi waliendelea kutabasamu. Daktari peke yake alikuwa ameacha. Alijua kinachochezwa pale ni kitu gani.

Pakawa kimya kabisa. Mwalimu akageuka.

"Wazazi wangu," alisema, "kipimo hiki mlichokiona nilikifanya Ulaya kwa seli na protini zenyewe, kikanipa jibu. Nikaambiwa nirudie. Niliporudia kikakataa, nikaitwa mzembe, nikafukuzwa. Aliyekuwa ananitunzia seli amekaa pale."

Mkuu wa shule akainuka. "Mwalimu, tafadhali sana, leo ni siku ya..."

"Nitamaliza sasa hivi, Mkuu. Daktari, nakuuliza mbele ya watu hawa. Seli ulizonipa zilikuwa zipi?"

Daktari alicheka kidogo. "Dada, hayo ni ya zamani. Leo tuna furaha. Tutakaa tuzungumze wawili."

"Wawili tulishazungumza, uwanja wa ndege. Leo nataka wasikie wengine."

Nilifurahi. Nisifiche, nilitaka amalize. Watu hawakuelewa yote, lakini walielewa kwamba mtu anadaiwa ukweli. Daktari akafungua mdomo, na ilikuwa wazi anakwenda kukana. Ndipo Bibi wa Rugu akaweka mkono juu ya goti la mwanawe, akasema kwa Kinyambo, kwa sauti iliyofika kwetu sote:

"Huyu amenikanda miguu hii miaka yote. Hata siku moja hajaniongopea, hata nilipomuuliza kama nitapona. Wewe mwanangu niambie. Ni *amazima*?"

Ni kweli? Ndivyo alivyouliza. Daktari aliangalia chini. Aliangalia zile kuta. Kisha akasema, "Ni kweli, mama."

Bibi aliitafuta fimbo yake, akajiinua. Watu wawili walikimbia kumshika akawakataa. Akaanza kuteremka barabara ya kwenda Rugu kwa magoti yale, hatua ndogo ndogo. Mwanawe aliingia kwenye gari lake refu jeupe, akamfuata, anafungua kioo, anamsihi apande. Bibi hakugeuza shingo. Tulisimama mlimani tukawatazama, yule mzee mbele na gari likitambaa nyuma yake, mpaka kona ikawaficha. Mwalimu wa baiolojia naye alitazama. Sikuona ushindi usoni mwake. Niliona mtu anayeangalia kwa makini, kama asiyetaka jambo lolote limpite.

Daktari aliondoka Karagwe wiki ile. Paa halikuja, wala meza, wala darubini. Mvua ziliponyesha kuta zilianza kumeguka, mbuzi wakapata pa kujikinga. Wazazi waliochoma matofali walimgeukia mwalimu. Walisema ametapika chuki yake juu ya sahani ya watoto wao. Mtu aling'oa maharage yake yote usiku mmoja. Hakulalamika. Muhula uliofuata alihamishiwa upande wa pili wa Karagwe, karibu na Rubwera, akapakia vitu vyake kwenye pikapu, na sikwenda kumuaga. Koku wangu alifanya mtihani wa vitendo wa baiolojia bila kuwahi kushika darubini. Alifeli. Sasa ana duka la nguo, na mimi nilikuwa na hasira yangu ya kutunza.

Nilikutana naye tena mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokwenda Rubwera kwenye harusi ya mtoto wa mjomba. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa amekaa nje ya mgahawa, anawanyonyoa mabawa na kuwatia kwenye bakuli. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinyanyuka aliponiona, tukasalimiana, habari za nyumbani, habari za Koku. Tulimtaja Bibi wa Rugu, aliyekwishafariki, nikamwambia kwamba kwenye maziko nilimtafuta sikumwona.

"Nilikwenda kabla," alisema. "Alinitumia mtu. Nilimkanda kwa mara ya mwisho."

Nikaona hapa ndipo pa kuuliza. "Miaka yote ile, ulikuwa unampenda yule mama, au ulikuwa unamtayarisha?"

Vidole vyake vilisimama juu ya senene.

"Nilianza kwa kumtayarisha," alisema. "Nilijua ipo siku Daktari atarudi, na nilijua hawezi kumdanganya mama yake. Nilitaka mama yake awe ananiamini mimi. Halafu katikati nikampenda, na sikujua nifanye nini na ile hasira, nayo ilikuwa bado ipo. Siku ya mwisho aliniomba nimsamehe mwanawe. Nilimshika mkono nikamwambia, hapana mama, siwezi. Sikutaka kumwongopea mtu anayekufa."

"Naye akasemaje?"

"Alisema, haya, nikande na huu mguu mwingine."

Akarudia kunyonyoa senene. Kisha akanieleza kwamba baada ya maziko Daktari alifunga safari mpaka Rubwera. Alisimama mlangoni kwake bila gari kubwa na bila kofia, akamwambia amekwenda kwa wakubwa wa maabara ile akawaeleza yote, kwamba kazi ile ilikuwa ya mwalimu na sasa wanaijua ni yake. Alipoteza cheo chake kwa ajili hiyo. Alitaka kuingia ndani aketi.

"Nikamwambia asante, nimesikia, nenda."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Alisema hivyo bila kujivuna. Nilijikuta nimekasirika, na maneno niliyoyabeba miaka ile yakatoka bila mpangilio. Nilimuuliza watoto wetu walikuwa wamemkosea nini. Nikamwambia kuta bado zimesimama, zimeota majani, na kwamba mwanangu angeweza kuwa mtu mwingine. Nikamwambia angeweza kusubiri paa, apige baada ya paa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakujitetea.

"Nililifikiria," alisema. "Usiku kabla ya sherehe nililifikiria hilo hilo, kusubiri paa. Nikaona likishaezekwa nitamshukuru, na nikishamshukuru sitaweza tena. Watoto hawakunikosea kitu, Mama Koku. Niliwaona, nikapita juu yao."

Akaniangalia machoni. "Na wewe, umenisamehe?"

Watu wa harusi walikuwa wananiita kutoka ng'ambo ya barabara. Ningeweza kusema ndiyo, ingekuwa rahisi, na tungeachana vizuri.

"Hapana," nilisema. "Bado."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, na kitu kikalegea usoni mwake ambacho sikuwahi kukiona kikilegea mlimani kwetu.

"Vizuri," alisema. Akageuka akamwita mwenye mgahawa, akaagiza chai mbili, moto sana.